Barua ya wazi kwa wenye makarasha na mialo ya Kanda ya Ziwa: pimeni unga kabla ya kuuosha

Ndugu wamiliki wa makarasha na mialo, ndugu viongozi wa vyama vya wachimbaji wadogo wa Geita na mikoa jirani,

Nawaandikia kama fundi sanifu wa maabara ya madini, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupokea vifuko vya unga wa mawe na kumwambia mwenyewe kilichomo. Ombi langu ni moja. Kila karasha linalosaga mawe ya watu kwa malipo liwe na seti ya machekeche na mizani, na mwenye mawe aonyeshwe, kabla unga wake haujamwagwa mwaloni, mawe yake yamesagika kwa kiasi gani.

Tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, mchimbaji akipeleka dhahabu yake kuuza huiona ikiwekwa kwenye mizani, huusoma uzito mwenyewe, na usafi wake hupimwa kwa mashine mbele ya macho yake. Leo hakuna anayekubali mnunuzi akadirie gramu kwa kuinua kiganja. Tumefika hapo kwa jasho, na ni jambo la kujivunia. Lakini dhahabu ile ile, saa chache kabla haijafika sokoni, ilipita mahali ambapo hakuna kinachopimwa isipokuwa idadi ya viroba. Mahali hapo ni kwenu.

Sote tunajua kazi inavyokwenda. Mawe yanashushwa, yanapondwa kwa nyundo mpaka yanakuwa kokoto, kisha yanaingizwa karashani pamoja na gololi za chuma na kinu kinazungushwa. Baada ya muda fundi anazima mota, anafungua mfuniko, anachota unga kidogo na kuusugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Akiridhika anasema tayari. Vidole vya fundi mzoefu vinajua mengi, wala sivibezi. Vinatambua unga mkavu na mbichi, vinahisi kama bado kuna kokoto. Lakini unga wa karasha siku zote ni mchanganyiko, na ile sehemu laini kabisa huzivaa punje kubwa na kuzificha. Kidole kinaguswa na vumbi, kinasema ni laini, na huku nusu ya mzigo bado ni mchanga. Hakuna kidole duniani kinachoweza kusema asilimia ngapi ya unga ni ndogo kuliko mikroni 150. Chekeche linasema, na linamwambia mwenye karasha na mwenye mawe jibu lile lile.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kiasi cha kuwaandikia barua? Chukueni punje moja ya jiwe jeupe, upana wake mikroni 400, yaani chini kidogo ya nusu milimita. Ndani yake kuna chembe ya dhahabu yenye upana wa mikroni 40. Chembe hiyo ni sehemu moja kati ya kumi ya upana wa punje, lakini kwa ujazo ni sehemu moja kati ya elfu. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na jiwe hilo jeupe, ambalo ni kwatzi, lina gramu 2.65. Pigeni hesabu ya punje nzima: inakuja gramu 2.67. Kapeti la mwalo halina namna ya kuitofautisha punje hiyo na mchanga mtupu. Maji yataibeba, itashuka na mchanga mwingine hadi bwawani, na mwenye mawe atasema leo mawe yalikuwa maskini. Zebaki nayo haitamsaidia, kwa sababu zebaki hushika dhahabu inayoigusa tu, na hii imezungukwa na jiwe pande zote. Punje hiyo ingesagwa mpaka ipasuke na chembe itoke nje, mambo yangekuwa mengine kabisa.

Kwa hiyo swali la ulaini wa unga ndilo swali la dhahabu kiasi gani itabaki kwenye kapeti na kiasi gani itakwenda na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha. Na hapa naomba niseme waziwazi, kwa heshima, jambo ambalo huwa linasemwa pembeni. Katika mialo mingi marudio hubaki kuwa mali ya mwenye eneo. Mchimbaji analipia kusaga, anaosha, anaondoka na alichopata. Mchanga unaobaki unakusanywa, na ukitosha unapelekwa kwenye matenki ya sayanaidi. Matenki hayo ya kumwagia mchanga na kuacha dawa ishuke taratibu hayapendi unga laini. Unga ukiwa laini mno dawa haipiti, inasimama juu kama maji kwenye udongo wa mfinyanzi. Yanapenda mchanga. Basi mwenye karasha ambaye pia ni mwenye mwalo na mwenye tenki ana sababu mbili za kusaga kwa haraka na kuacha mchanga mkubwa: anaokoa umeme au dizeli leo, na kesho anapata marudio yenye dhahabu na yanayopitisha dawa vizuri.

Simwiti mtu mwizi. Nawafahamu wenye makarasha wanaosaga kwa uaminifu mkubwa, na wapo wanaogawana marudio na wachimbaji wao. Nasema mfumo wenyewe unampa mmoja faida pale mwenzake anapopoteza, na wote wawili hawana kipimo. Palipo na hali hiyo, manung'uniko hayaishi. Mwaminifu anashukiwa sawa na asiye mwaminifu, na hana cha kumwonyesha mteja wake.

Kipimo chenyewe si kigumu, na ningependa nikieleze kwa kirefu kidogo, maana nimeona watu wakinunua machekeche wakayaweka kabatini kwa kudhani ni kazi ya wasomi.

Kila chekeche ni fremu ya duara yenye wavu wa waya, na ukubwa wa tundu umeandikwa kwenye kibati chake. Wauzaji wengi hutaja namba ya meshi, ambayo ni idadi ya matundu katika inchi moja; namba ikipanda, tundu linapungua. Meshi 35 ni mikroni 500, meshi 60 ni 250, meshi 100 ni 150, meshi 140 ni 106, na meshi 200 ni 75. Nunueni kwa kuangalia mikroni, msiishie kwenye namba ya meshi, na hakikisheni limetengenezwa kwa kiwango cha ISO 3310 au ASTM E11. Machekeche ya jikoni au wavu wa mbu havifai hapa, kwa kuwa matundu yake hayalingani.

Kazi inaanzia kwenye sampuli, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukichota juu ya rundo umechota uongo: punje kubwa huviringika kwenda chini na pembeni, laini hubaki katikati. Changanyeni unga wote, ulundikeni uwe na umbo la pia, ubonyezeni, ugaweni robo nne, chukueni robo mbili zinazotazamana, mchanganye tena, mgawe tena, mpaka mbaki na kama gramu 500. Kausheni sampuli kwenye oveni ya nyuzi joto 105 hadi 110 mpaka uzito wake usipungue tena. Pimeni, andikeni.

Kisha ioshwe. Hatua hii hurukwa, na ikirukwa matokeo hayana maana kwa mawe yetu yenye udongo mwekundu. Mimineni sampuli juu ya chekeche la mikroni 75, muioshe kwa maji ya taratibu mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Msibonyeze kwa kidole. Wavu wa mikroni 75 ni mwembamba, ukitanuka tundu moja kila kipimo cha baadaye kitakuwa kibovu. Kilichobaki kikausheni, mpime. Tofauti ya uzito ni vumbi lililopita na maji, nalo lina nafasi yake kwenye hesabu. Kuosha kuna faida nyingine ninayoithamini: vumbi la kwatzi haliingii kwenye mapafu ya anayepima. Tumewazika vijana wa makarasha kwa sababu ya vumbi hilo.

Sasa pangeni machekeche, tundu kubwa juu, dogo chini, sahani ya chini kabisa ikiwa imezibwa. Mimineni unga uliokauka, mfunike, mtikise. Mashine ya kutikisa ni nzuri, lakini mikono inatosha kama ina subira: dakika kumi hadi kumi na tano, huku mkizungusha na kugongagonga ubavu wa fremu. Mtajua imetosha mkichukua chekeche moja, mkalitikisa peke yake dakika moja juu ya karatasi, na kilichodondoka kikawa chini ya asilimia moja. Hakikisheni hakuna chekeche la sentimita 20 lililobeba zaidi ya gramu 200, kwani likijaa sana punje ndogo hukaa juu ya kubwa na kukosa pa kupitia. Punje zilizonasa kwenye matundu zitolewe kwa brashi laini kutokea upande wa chini. Pimeni kilichobaki juu ya kila chekeche na kwenye sahani, jumlisheni pamoja na vumbi lililopita na maji, mlinganishe na uzito wa mwanzo. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 0.3, yaani gramu moja na nusu katika gramu 500, kuna kitu kimemwagika au kimesahauliwa, na kipimo kirudiwe.

Tuone hesabu ya mfano, ambayo nimeitunga ili ieleweke. Sampuli ya gramu 500. Juu ya mikroni 500 zimebaki gramu 60. Juu ya 250, gramu 120. Juu ya 150, gramu 110. Juu ya 106, gramu 70. Juu ya 75, gramu 50. Na vumbi lote lililopita 75, lile la maji na lile la sahani, gramu 90. Jumla ni 500, hakuna kilichopotea. Sasa tunatafuta asilimia iliyopita kila tundu. Tundu la 500 limepitisha asilimia 88, la 250 asilimia 64, la 150 asilimia 42, la 106 asilimia 28, na la 75 asilimia 18 tu. Wataalamu wa uchenjuaji huuliza swali moja kwanza: ni tundu la ukubwa gani lingepitisha asilimia 80 ya mzigo? Hapa jibu liko kati ya 250 na 500, na ukichora mstari kwenye karatasi linaangukia karibu na mikroni 400. Unga huo kwa vidole ungeitwa laini. Lakini zaidi ya theluthi moja yake bado ni punje zinazozidi robo milimita, na ile punje yetu ya kwatzi iliyomeza dhahabu imo humo humo.

Namba hiyo peke yake haitoshi kusema kazi ni nzuri au mbaya, kwa sababu mawe hayafanani. Kuna mawe ambayo dhahabu yake ni kubwa na inatoka mapema. Mengine, hasa ya chini yenye salfaidi nyingi, huificha katika chembe ndogo mno. Ndiyo maana jaribio linalostahili kufanywa kwa kila mwamba mpya ni kusaga mafungu matatu au manne ya mawe yale yale kwa muda tofauti, kuyachekecha yote, kisha kupeleka maabara kila tabaka la chekeche lipimwe dhahabu kivyake. Hapo ndipo chekeche linapokuwa taa. Tabaka la juu ya mikroni 250 likionyesha dhahabu nyingi kwenye marudio, mawe hayo yalihitaji kusagwa zaidi. Dhahabu inayopotea ikiwa imo kwenye vumbi lililo chini ya 75, kuendelea kusaga ni kuongeza hasara, na kasoro iko kwenye kuosha: maji ni mengi mno, mteremko ni mkali, au kapeti limechakaa.

Maana kusaga kupita kiasi nako kupo. Dhahabu ni laini, haipasuki kama jiwe. Gololi zinaipondaponda mpaka inakuwa magamba membamba, na gamba jembamba huelea na kuondoka na maji hata kama ni dhahabu tupu. Magamba mengine makubwa hubaki juu ya chekeche kwa kuwa umbo lake haliruhusu yapite. Kwa sababu hiyo, kilichobaki juu ya chekeche la kwanza kisirudishwe kinuni kabla ya kupitishwa kwenye karai. Nimeona macho ya mchimbaji yaking'aa kwa kilichotokea kwenye karai hilo.

Mtaniuliza gharama. Ni swali la haki. Mwaka 1952 Mmarekani Fred Bond alitoa kanuni ambayo mpaka leo viwanda vya madini vinaitumia kukadiria nguvu ya kusaga, na kanuni hiyo inatumia ule ule ukubwa wa tundu linalopitisha asilimia 80. Mkianza na kokoto za milimita 10 na jiwe lenye ugumu wa kawaida wa kilowati-saa 15 kwa tani katika kipimo chake, kufika mikroni 500 kunadai takriban kilowati-saa 5 kwa tani. Kufika 150 kunadai karibu 11. Kufika 75 kunadai karibu 16. Hiyo ni mara tatu ya nguvu ya kwanza, na makarasha madogo hula zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwenye karasha anayesaga mpaka laini kwa bei ile ile ya kiroba anaumia, na anayesaga nusunusu kwa bei hiyo anafaidi. Bei ya kiroba inaadhibu uaminifu.

Dawa yake ni kuuza ulaini. Wekeni bei kwa daraja: unga ambao asilimia 80 yake imepita mikroni 250 una bei yake, wa 150 bei yake, wa 106 bei yake. Mchimbaji achague akijua mawe yake yanahitaji nini, alipe kinacholingana na umeme uliotumika, na apewe karatasi yenye namba. Si lazima kila kiroba kipitie seti nzima. Kwa kazi ya kila siku chekeche moja la daraja lililouzwa linatosha: osheni sampuli juu yake, kausheni, pimeni kilichobaki; kikizidi asilimia 20, mzigo unarudi kinuni. Seti kamili ibaki kwa mwamba mpya, kwa ugomvi, na kwa kuhakiki kinu gololi zinapochakaa.

Jambo la zebaki halitenganishwi na hili. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, unataka nchi wanachama, na Tanzania ni mojawapo, ziondoe mambo manne katika uchimbaji mdogo: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuichoma hadharani, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka kwenye sayanaidi marudio yenye zebaki bila kwanza kuitoa. La kwanza na la mwisho yanawahusu ninyi moja kwa moja. Mchimbaji anapopata kidogo kwenye kapeti kwa sababu unga ulikuwa mchanga, kinachofuata ni kuongeza zebaki akitumaini itavuta zaidi. Haivuti kilichofungwa ndani ya jiwe. Inasambaratika kwenye marudio, marudio yanaingia tenkini, na maji ya eneo hilo ndiyo tunayokunywa.

Sehemu za kujifunzia zipo. STAMICO, shirika la madini la taifa, ina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa hapa Geita, Katente kule Bukombe, na Itumbi wilayani Chunya. Viongozi wa vyama, pangeni siku, wapelekeni mafundi wenu wa kinu. Wakajifunze wao kwanza kabla ya mabosi, kwa kuwa wao ndio wanaozima mota.

Kwa Tume ya Madini nina neno fupi. Maafisa wenu wanapokagua eneo la uchenjuaji huuliza leseni na kumbukumbu za uzalishaji. Naomba waulize pia daftari la chekeche: tarehe, mwenye mawe, muda wa kusaga, asilimia iliyopita. Kwa daftari hilo mgogoro kati ya mchimbaji na mwenye karasha, unaofika ofisini kwa Afisa Madini Mkazi ukiwa maneno matupu ya pande mbili, ungefika ukiwa na ushahidi.

Na kwenu wenye makarasha, msisubiri kanuni. Mmoja wenu katika kila mwalo aanze, abandike bei za madaraja ukutani, aweke machekeche mahali mteja anapoyaona, amruhusu asome mizani mwenyewe. Katika mkutano ujao wa chama naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda, pamoja na lile gumu zaidi la kugawana marudio, ambalo sasa litajadiliwa kwa namba. Nikiitwa nitakuja na machekeche yangu na mizani, na tutapima unga wa siku hiyo hiyo mbele ya wanachama wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa maabara ya madini,
Geita